Pikipiki Haijui Kusimama

Pikipiki ya babangu ilimwangukia mama Jumamosi moja saa nne asubuhi, akifagia stoo. Haikuwa inatembea. Haikuwa hata na petroli. Imekaa hapo Nakuru tangu baba atuache, cc 1000, kilo 230 hivi, imefunikwa shuka kuukuu. Mama aliisukuma kidogo tu ili ufagio ufike nyuma yake. Sasa, stendi yake ya kando ina springi inayoikunja yenyewe pindi uzito unapoondoka. Ikajikunja. Mama alilala chini ya hicho chuma mpaka jirani aliposikia kelele, akaita vijana wawili wa boda pale steji, wakaiinua. Mguu ulivunjika mahali pawili.

"Uza hiyo kitu," nilimwambia hospitalini.

"Siuzi."

Mjadala ukaishia hapo. Ikabaki kazi moja: kutafuta kitu cha kuishika. Nilidhani ni suala la kununua kifaa tu. Kumbe nilikuwa naingia kwenye swali la zaidi ya miaka mia: pikipiki ikiwa imesimama, nani anaishika?

Gari ukiliacha, linakaa. Mkokoteni ukiuacha, unakaa. Pikipiki inajimudu ikiwa mwendoni tu. Ikitulia, inataka mtu. Hata walioiunda mwanzo walilijua hilo. Mwaka 1885, huko Cannstatt, Ujerumani, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walitengeneza chombo cha mbao chenye injini ya petroli, ambacho wengi hukiita pikipiki ya kwanza. Kilikuwa na uzito wa kilo 90 hivi. Tazama picha yake: pembeni kuna vigurudumu viwili vidogo, kama vya baiskeli ya mtoto anayejifunza. Yaani pikipiki ilizaliwa na magongo.

Waliofuata waliyaondoa hayo magongo, na mzigo ukahamia kwa mwendeshaji. Pikipiki nyingi za mwanzo wa karne ya 20 zilikuwa na stendi ya nyuma, chuma chenye umbo la U kilichofungwa karibu na ekseli. Ukifika, unashuka, unakiteremsha, kisha unaikokota pikipiki nyuma na juu mpaka gurudumu lining'inie hewani. Ukitaka kuondoka, unaisukuma mbele, halafu unakifunga hicho chuma kwenye madgadi. BSA M20, pikipiki ya cc 500 iliyotumiwa sana na jeshi la Uingereza katika Vita vya Pili vya Dunia, ilikuwa na stendi ya nyuma na nyingine ya mbele, ili askari aweze kutoa gurudumu lolote porini. Uzito wake ulikaribia kilo 170. Aliyeichora ile stendi alikuwa na mtu fulani kichwani: kijana, mwanajeshi, mwenye mgongo mzima. Hakumwaza mama wa miaka sitini na ufagio mkononi.

Stendi ya kati ilipunguza kazi, kwa sababu inatumia wenzo: unakanyaga, unavuta, na uzito wako mwenyewe unaipandisha pikipiki. Stendi ya kando ikapunguza zaidi. Teke moja, umemaliza. Lakini inataka ardhi ngumu, na inataka pikipiki iendelee kuiegemea. Ndiyo maana utawaona watu wa boda wakitafuta kijiwe bapa au kifuniko cha chupa cha kuweka chini yake mvua ikinyesha. Kwao hiyo inatosha. Pikipiki ya kilo 120 ikianguka, unatukana, unaiinua, unaendelea na safari.

Shida ilikuja uzito ulipopanda. Honda Gold Wing ilipotoka mwaka 1975 ilikuwa inakaribia kilo 300 ikiwa na mafuta. Leo Harley-Davidson kubwa za safari ndefu hupita kilo 350, na nyingi hazina stendi ya kati kabisa. Ya baba ilikuwa nayo zamani. Aliing'oa kwa sababu ilikuwa inagonga matuta. Mzee alikuwa na mabega ya kuibeba. Hakuwazia siku ambayo mabega hayo hayangekuwepo.

Hapo ndipo inaingia kabari ya gurudumu. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko injini. Marubani wa Vita vya Kwanza vya Dunia walihitaji kabari kwa sababu ndege nyingi za wakati ule hazikuwa na breki za magurudumu; injini ilinguruma, kabari zikashikilia, kisha mtu akazivuta kwa kamba ndege iondoke. Na huku kwetu, nani hajamwona tanboi akiruka kutoka kwenye lori mlimani, gogo au jiwe mkononi, akimbilie gurudumu la nyuma kabla halijaanza kurudi? Kazi ile haina sifa, lakini maisha ya watu wengi yamening'inia kwenye lile jiwe. (Kisha lori linaondoka, jiwe linabaki katikati ya barabara likimngoja mtu wa usiku. Hilo nalo ni letu.)

Ila jiwe la tanboi linazuia kitu kimoja tu, kubingirika. Pikipiki haiui kwa kubingirika. Inaua kwa kulala ubavu. Kwa hiyo kabari yake lazima iwe na mdomo, gurudumu la mbele liingie na likabwe pande zote. Nzuri zaidi zina kitanda kidogo kinachobembea: unasukuma pikipiki, tairi linapanda upande mmoja wa kitanda, kitanda kinainama na kulishika kwa nyuma. Uzito wenyewe ndio unaofunga. Ukiachilia mikono, inasimama wima.

Nilikaa na tepu kule stoo siku nzima. Rimu ya mbele ni inchi 18, tairi lina upana wa milimita 90. Kabari nyingi za mtandaoni zimetengenezewa matairi mapana ya siku hizi. Tairi la baba lingecheza humo kama mguu wa mtoto kwenye gambuti ya mzee, na likicheza, pikipiki inayumba. Cha pili, kitako. Kikiwa chembamba, pikipiki inaanguka pamoja na kabari yake, kwa hiyo lazima kiwe kipana au kifungwe sakafuni kwa bolti. Cha tatu, nafasi. Vyuma visiguse diski ya breki wala madgadi. Na kwa kuwa hii ni ya kukaa miezi mingi, si ya kusafirisha, sikutaka mikanda ya kuibana chini. Hiyo huziacha springi za mbele zimekandamizwa muda wote.

Picha za kwenye simu nikazipeleka Kamukunji. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya iliisambazia dunia istilahi ya sekta isiyo rasmi. Watu wenyewe waliishia kuitwa jua kali, kwa sababu ndilo lililowachoma mgongoni wakigonga vyuma. Hapo ndipo masanduku ya shule, majiko na mabero hutoka. Kama kuna mahali wanapojua uzito, ni hapo. Nje tu hamali wanateremka na mikokoteni ambayo breki yake ni kipande cha tairi kuukuu kinachosugua lami.

Fundi aliangalia picha, akaangalia vipimo vyangu.

"Madam, nani ataisukuma ikiingia humu?"

"Mimi. Ama mamangu."

Akanyamaza kidogo. Halafu akachukua chaki, akachora upya. Akaweka ngazi fupi mbele ya mdomo, isiwe na kilima kikali. Akapanua kitako. Akaniambia nisichague chuma chembamba eti kwa sababu ni bei nafuu, kitapinda. Katika hiyo historia yote niliyosoma, huyo ndiye wa kwanza niliyemsikia akiuliza swali hilo.

Tulifunga kile chuma stoo kwa bolti nne. Nikajaza upepo matairi, nikaingiza gia ya kwanza, nikaweka vibao viwili vya mbao kwenye gurudumu la nyuma, kimoja mbele, kimoja nyuma, jinsi tanboi angefanya. Sikuisukuma peke yangu mara ya kwanza. Ya pili, nilijaribu. Iliingia.

Mama alikuja na gongo lake, akasimama mlangoni. Hakuingia kwanza. Kisha akaja, akaweka kiganja kwenye tangi na kuisukuma, kwa nguvu kabisa, vile angemsukuma mtu aliyemkosea. Haikutikisika.

Akaisukuma tena.

"Nipe ufagio," akasema.