Trekta la Kijivu la Coventry na Mafundi Wake

Ferguson TE20 ni trekta dogo la magurudumu manne lililoundwa katika kiwanda cha Banner Lane, mjini Coventry, Uingereza, kuanzia mwaka 1946 hadi 1956. Katika miaka hiyo kumi yalitoka zaidi ya 517,000, yote yakiwa na rangi ya kijivu kuanzia boneti hadi rimu. Lina uzito wa tani moja na ushei, na injini zake za mwanzo zilitoa nguvu za farasi zipatazo 24 tu. Hata hivyo, miongoni mwa matrekta ya kale yanayofufuliwa na wapenzi wa mashine Ulaya, ni machache yanayoonekana mara nyingi kama hili. Wingi umesaidia, lakini sababu kubwa zaidi iko ndani ya chuma chenyewe: liliundwa ili mkulima aweze kulifungua na kulifunga bila kumngoja mtaalamu wa kiwandani.

Aliyelibuni, Harry Ferguson, alizaliwa mwaka 1884 katika familia ya wakulima wa County Down, kaskazini mwa Ireland. Mapenzi yake ya awali yalikuwa magari na ndege; tarehe 31 Desemba 1909 alirusha ndege aliyoiunda mwenyewe, na akawa mtu wa kwanza kuruka Ireland. Kilimo kilimrudisha shambani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Nafaka ilipoadimika, serikali ilimtaka mwaka 1917 azunguke kuangalia matrekta yanavyotumika. Aliyoyaona hayakumpendeza. Plau ilikuwa ikiburutwa nyuma kwa mnyororo kama mkokoteni wa ng'ombe. Ikinasa kwenye jiwe au kisiki, magurudumu ya nyuma yaliendelea kusukuma, pua ya trekta ikanyanyuka, na mashine nzima ikapinduka kinyumenyume juu ya dereva. Watu walikufa hivyo.

Jawabu ambalo Ferguson na fundi wake Willie Sands walilitafuta kwa miaka mingi lilikuwa kuifanya plau iwe kiungo cha trekta badala ya mzigo unaofuata nyuma. Zana ilishikwa kwa mikono mitatu: miwili ya chini ya kuvuta, na mmoja wa juu katikati. Plau inapokutana na udongo mgumu hujaribu kujipindua kwenda mbele, na kwa kufanya hivyo huusukuma mkono wa juu, ambao nao huikandamiza pua ya trekta chini. Nguvu iliyokuwa ikiua ikageuzwa kuwa ulinzi. Msukumo huohuo hubana springi yenye kani, springi ikasogeza vali ya pampu ya haidroliki, na plau ikainuka kidogo yenyewe mpaka udongo ulainike. Trekta jepesi likaweza kufanya kazi iliyokuwa ikihitaji jitu la chuma. Mfumo huu wa mikono mitatu ndio unaotumika leo karibu kwenye kila trekta duniani, na ni vigumu kutaja ubunifu mwingine wa karne ya 20 uliobadilisha kilimo cha jembe la kukokotwa kwa kiasi hicho.

Trekta la kwanza kuuzwa likiwa na mfumo huo lilitoka mwaka 1936 kwa ubia na mwenye viwanda David Brown, lakini wawili hao hawakudumu pamoja. Mwaka 1938 Ferguson alivuka bahari, akamwonyesha Henry Ford mashine yake, na wakakubaliana kwa kupeana mikono bila mkataba wa maandishi. Matokeo yake yalikuwa trekta la Ford 9N la mwaka 1939. Mwaka 1947 mjukuu wa Ford, Henry Ford II, aliuvunja ushirika huo lakini kampuni ikaendelea kutumia mfumo uleule. Ferguson alikwenda mahakamani, na mwaka 1952 akalipwa dola milioni 9.25. Kwa mtu aliyeamini neno la mdomo, hakutoka mikono mitupu.

Wakati kesi ikisikilizwa, Coventry ilikuwa tayari kazini. Banner Lane kilikuwa kiwanda cha injini za ndege za vita, na kampuni ya Standard ilikigeuza kuwa cha matrekta. TE20 za mwanzo zilitumia injini ya Continental kutoka Marekani. Baadaye Standard ikaweka injini yake ya petroli, ikafuata ya mafuta ya taa, na mwaka 1951 ya dizeli. Uimara wake ulithibitika mahali pasipo na shamba hata moja: tarehe 4 Januari 1958 msafara wa mpanda milima Edmund Hillary ulifika Ncha ya Kusini ukiendesha matrekta ya Ferguson yaliyofungwa minyororo ya kutembelea kwenye theluji.

Mfano wa kinyume chake ulitokea Tanganyika, Tanzania Bara ya leo. Mpango wa Karanga, mradi wa kikoloni wa kulima karanga kwa mashine, ulipoanza Kongwa mwaka 1947, mitambo mingi ya kufyeka pori ilinunuliwa kutoka masalia ya vita, ikiwa imechoka kabla ya kufika, na vifaru aina ya Sherman vilikatwa na kugeuzwa matrekta. Vipuri havikutosha, mafundi walikuwa wachache, na udongo wa Kongwa ulikula chuma kuliko ilivyotarajiwa. Sehemu kubwa ya mitambo ililala gereji huku msimu ukipita, na mwaka 1951 mpango ukafutwa. Mashine isiyorekebishika karibu na shamba ni chuma chakavu hata ikiwa na nguvu za kifaru.

TE20 haina chasisi. Injini, giaboksi na ekseli ya nyuma vimefungwa kwa bolti kimoja nyuma ya kingine, na vyenyewe ndivyo uti wa mgongo. Kwa hiyo anayetaka kubadilisha klachi hulazimika kulitenganisha trekta katikati, nusu mbele na nusu nyuma. Kabla ya kulegeza bolti, fundi anayejua kazi hugongomea kabari za mbao juu ya ekseli ya mbele, pande zote mbili. Ekseli hiyo huzunguka kwenye pini moja ya katikati, na bila kabari injini nzima inaweza kulala ubavu. Nati nyingi huenea katika spana moja yenye vichwa viwili iliyotolewa pamoja na trekta, nayo ilichorwa alama za inchi ili itumike pia kupimia marekebisho ya plau.

Ugonjwa wa kawaida wa trekta lililotelekezwa ni injini kukwama. Maji huingia kupitia bomba la moshi lisilozibwa, na pistoni hushikana na silinda kwa kutu. Makosa makubwa hufanyika hapa: watu hulifunga kamba na kulivuta likiwa kwenye gia hadi fimbo za pistoni zipinde. Njia salama ni kutoa plagi, kumwaga mafuta mepesi ndani ya kila silinda, kungoja kwa siku kadhaa, kisha kulitikisa kidogo kidogo mbele na nyuma kwa mkono. Hata ikishindikana, injini ya Standard haihitaji kuchongwa upya. Silinda zake ni slivu zinazozungukwa na maji. Huchomolewa na kupachikwa mpya pamoja na pistoni zake. Lakini slivu mpya lazima ichomoze juu ya bloku kwa sehemu chache za elfu za inchi. Ikizama, gasketi ya silinda hedi haibani, na maji yatapenya.

Eneo la pili la kuchunguza ni oili ya nyuma. Giaboksi, haidroliki na ekseli hutumia oili ileile, na pampu imekaa chini kabisa, imezama ndani yake. Mpira wa mkono wa gia ukipasuka, mvua huingia na oili hugeuka nyeupe kama maziwa. Oili hiyo ikiachwa, pampu hulika na mikono hushindwa kuinua zana. Sili za ekseli zikichoka, oili hiyohiyo huvuja hadi kwenye breki. Umeme nao una mtego wake: waya wa chanya wa betri ndio unaofungwa kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo, na fundi wa mjini asiyelijua hilo anaweza kuunguza vifaa kwa dakika moja.

Rangi ndiyo inayozua ubishi mwingi zaidi, ingawa haivuti plau. Kiwandani trekta lilipuliziwa kijivu kisicho na mng'aro mkubwa. Wengi wanaofufua leo hulipaka hadi ling'ae kuliko lilivyowahi kung'aa. Wapo pia wanaoacha mikwaruzo na kutu ya juu, wakirekebisha mitambo tu. Kundi hilo la pili lina hoja yenye nguvu zaidi, kwa sababu rangi ya kwanza ikishakwanguliwa hairudi tena.

Mwaka 1953 Ferguson aliungana na Massey-Harris, na mwaka 1956 TE20 ikampisha mrithi wake, namba 35. Afrika Mashariki ukoo huu unajulikana kwa jina la Massey Ferguson, hasa kupitia 135 na 240 zenye injini ya Perkins ya silinda tatu. Viwanda vya India na Pakistan viliendelea kuunda matrekta ya ukoo huo baada ya Coventry, ndiyo maana vipuri vyake havijakauka. Fundi aliyezoea 240 akiifungua TE20 atakuta mengi anayoyajua: haina chasisi, pampu imo ndani ya oili, mikono ni mitatu. Atakachokikosa ni klachi ya hatua mbili iliyokuja na 35. Kwenye TE20 klachi ikikanyagwa, shafti ya kuendeshea mashine za nyuma husimama pamoja na magurudumu.