Mbwa wa askari katika Uganda ya kaskazini

Mbwa wa askari ni mbwa aliyefunzwa kufanya kazi na mwanajeshi mmoja kwa muda mrefu. Wawili hao hufuata ratiba moja, hulala jirani, na huaminiana kiasi kwamba kosa la mmoja laweza kuwaua wote. Kazi yake kubwa siku hizi ni kunusa mabomu. Wengi duniani wameujua uhusiano huu kupitia filamu za Marekani. Kaskazini mwa Uganda, kuanzia Koboko na Arua hadi Gulu ng'ambo ya Nile, uhusiano huo una historia yake, na sehemu iliyo nzito zaidi ya historia hiyo ilianza baada ya bunduki kunyamaza.

Katika filamu za aina hii, inayofaa kutazamwa kwa makini ni Megan Leavey ya mwaka 2017, iliyoongozwa na Gabriela Cowperthwaite, na Kate Mara akiwa mhusika mkuu. Kisa chake ni cha kweli. Leavey, koplo wa kikosi cha Marine, alipelekwa Iraq pamoja na Rex, mbwa mkali wa aina ya German shepherd. Walianzia Fallujah, wakaenda Ramadi, na huko, Septemba 2006, bomu lililotegwa likawalipukia. Wote wawili walipona. Leavey akatoka jeshini. Rex, kwa kuwa alikuwa bado anaweza kunusa, akabakizwa kazini.

Nusu ya pili ya filamu ni safari ya maofisini, Leavey akitafuta kumchukua Rex, na ndiyo inayowatoa watu machozi. Mwanamke aliyezoea kumfuata mnyama huyu kwenye barabara zenye mabomu sasa anaambiwa hana haki naye. Maana ya jambo hilo huonekana vizuri zaidi kwa anayejua historia ya mbwa hawa. Katika vita vya Vietnam Wamarekani walitumia mbwa wapatao 4,000, na waliorudishwa kwao ni 200 hivi; wengine waliuawa au kuachwa huko, kwa sababu kwenye vitabu vya jeshi walihesabiwa kama vifaa. Sheria iliyotiwa saini mwaka 2000 iliruhusu mbwa aliyestaafu apewe mtu wa kumlea, lakini jeshi lilibaki na uwezo wa kukataa likiona mnyama ni hatari. Leavey alikusanya saini za wananchi, akaungwa mkono na Seneta Chuck Schumer, na mwaka 2012, Rex akiwa amepooza upande wa uso, akakabidhiwa mbwa huyo. Waliishi pamoja miezi michache tu. Rex alikufa Desemba ya mwaka huohuo. Kasoro ya filamu ni kwamba Wairaqi, wenye nchi inayolipuliwa, wanapita pembeni mwa picha kana kwamba vita ni vya wageni peke yao.

Nchini Uganda filamu za nje hutazamwa sana katika vibanda vya video, ambako msimulizi aitwaye VJ hutafsiri papo hapo, mara nyingi kwa Kiganda, akitia na maneno yake mwenyewe. West Nile, yaani upande wa Koboko na Arua, ina watazamaji wa namna ya pekee, kwa sababu ni nchi ya wanajeshi. Waingereza waliandikisha vijana wengi wa huku katika jeshi lao la kikoloni, King's African Rifles, na Kiswahili chenyewe kilienea kwa Walugbara, Wakakwa na Wanubi kwa njia ya kambi na gwaride. Idi Amin, ambaye ukoo wake ni wa Koboko, aliingia kikosi hicho mwaka 1946 na baadaye akapelekwa Kenya kupigana na waasi wa Mau Mau. Katika vita hivyo jeshi la Kiingereza lilitumia mbwa kufuata nyayo za wapiganaji msituni. Hivyo mbwa wa jeshi aliingia katika historia ya Afrika Mashariki kama mnyama wa kuwinda watu, na sifa hiyo haikufutika haraka. Hata leo mbwa wa polisi akiletwa kijijini kufuata harufu ya mwizi, umati hukusanyika, nao husimama mbali.

Dini nayo ina neno lake. Koboko, Yumbe na mitaa ya Wanubi ya Arua ina Waislamu wengi, na kwa mafundisho yaliyoenea Afrika Mashariki mate ya mbwa ni najisi yenye utaratibu wake wa kutwahirishwa. Lakini Kurani inaruhusu windo la mnyama aliyefunzwa, na mbwa anatajwa pamoja na watu wa pangoni katika Sura ya Al-Kahf. Mwislamu anayefuga mbwa wa kuwinda au wa ulinzi hajavunja dini yake. Hilo lafaa kusemwa wazi, maana mara nyingi husahauliwa.

Baada ya Amin kuangushwa mwaka 1979, askari wake na raia kwa maelfu walikimbilia Sudan na Zaire. Juni 1981 wakimbizi waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa na wanajeshi wa serikali. Yakafuata makundi ya waasi: UNRF ya Moses Ali, WNBF ya Juma Oris, na UNRF II ya Ali Bamuze, iliyotia saini mkataba wa amani huko Yumbe tarehe 24 Desemba 2002. Wakati huohuo basi la kutoka Kampala kwenda Arua lilipita barabara ya Karuma–Pakwach kwa msafara wa jeshi, kwa kuogopa waviziaji wa LRA, kundi la waasi la Joseph Kony. Watu wa hapa hawahitaji kuelezwa bomu la kutegwa ni nini.

Mbwa wa kunusa mabomu wametumika Sudan Kusini kusafisha barabara, na Mogadishu kwa kusaidia majeshi ya Umoja wa Afrika, AMISOM, ambamo Waganda walikuwa wa kwanza kufika, Machi 2007. Wengine hunusa pembe za ndovu na magamba ya kakakuona: askari wa wanyamapori wa Uganda wamefunzwa pamoja na mbwa huko Usa River, karibu na Arusha, kisha wakapangiwa Uwanja wa Ndege wa Entebbe.

Jambo lililo karibu zaidi na kisa cha Leavey liko Gulu, nalo ni Comfort Dog Project, mradi ulioanzishwa na Francis Okello Oloya chini ya shirika la BIG FIX Uganda. Okello alipofuka akiwa na miaka 12: alikuwa analima shambani, jembe likagonga bomu lililofukiwa. Shuleni, bwenini, aliona haya kuwaamsha wenzake kila usiku ili wampeleke chooni. Mbwa waliokuwa wakizunguka pale ndio waliomzoea na kumsindikiza gizani. Alisoma saikolojia ya jamii chuo kikuu, kisha akarudi kwa watu wa kwao waliokuwa wakiamka na majinamizi, wakiwamo waliotekwa utotoni na LRA na kulazimishwa kupigana.

Mbwa wa mradi huu hawatoki Ujerumani. Ni mbwa wa mitaani na wa vijijini, waliookotwa, wakatibiwa, wakachanjwa na kuhasiwa. Mtu hukabidhiwa mmoja, naye huhudhuria mafunzo kwa wiki kadhaa: kumwita, kumkalisha, kumlisha, kumpeleka kwa daktari, kutompiga. Hapo ndipo ulipo uzito wa kazi. Waasi walimfundisha mtoto wa Kiacholi kwamba amri hutolewa kwa fimbo na hofu. Sasa, akiwa mtu mzima, anajifunza kutoa amri kwa sauti ya upole na kusubiri mnyama aje kwa hiari. Wapo waliorudi nyumbani wakitengwa na majirani waliodai kwamba wamerudi na cen, mizuka ya waliouawa. Mbwa hana habari hizo. Humtambua mtu kwa harufu yake na kwa mkono unaomlisha.

Wanaomaliza mafunzo huahidi kumtunza mbwa wao maisha yake yote. Baadhi yao huenda vijijini na mashuleni wakiwa na mbwa wao, wakasimama mbele ya watu, na wakaanza kusimulia.