Mafunzo ya usuluhishi wa migogoro ya kisheria

Mafunzo ya usuluhishi humwandaa mtu kukaa kati ya pande zinazogombana kisheria na kuzisaidia kufikia makubaliano zenyewe, bila yeye kutoa hukumu. Huwahusu majaji, mahakimu, mawakili, maofisa wa kazi, viongozi wa dini na wajumbe wa mabaraza ya vijiji na kata. Sheria hufundishwa humo kwa kiasi; sehemu kubwa ni kusikiliza, kuuliza, kutunza siri na kuandika makubaliano yanayotekelezeka.

Nchini Tanzania usuluhishi umo ndani ya sheria nyingi. Chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kwa kawaida mtu hawezi kufungua shauri la talaka mahakamani kabla ya baraza la usuluhishi wa ndoa kuthibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha wanandoa. Mwaka 1994 kanuni za mashauri ya madai zilirekebishwa ili kesi zipitie usuluhishi kabla ya kusikilizwa. Mwaka 2000 Katiba iliongezewa Ibara ya 107A, inayoitaka Mahakama kukuza na kuendeleza usuluhishi kati ya wanaohusika katika migogoro. Migogoro ya kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Msuluhishi wake ana siku 30 za kumaliza kazi, isipokuwa pande zote zikubaliane kwa maandishi kuongeza muda.

Penye uhitaji mkubwa zaidi wa mafunzo ni kwenye ardhi. Baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba ambao watatu kati yao ni wanawake, tangu mwanzo liliwekwa kusuluhisha tu. Mabaraza ya kata yalikuwa tofauti: yalisikiliza ushahidi na kuamua nani ana haki, hadi mwaka 2021 Bunge lilipoyaondolea mamlaka hayo katika migogoro ya ardhi na kuyaachia usuluhishi peke yake. Mjumbe aliyezoea kusema "shamba ni la huyu" alitakiwa ghafla anyamaze, aulize, asubiri. Sheria hubadilika kwa kura ya siku moja. Mazoea ya miaka hayaondoki hivyo, na kumwachia mjumbe huyo kazi mpya bila mafunzo ni kuwaonea yeye na wanaofika mbele yake.

Stadi ya kwanza ni kutenganisha dai na haja. Dai ni kile mtu anachotamka. Haja ni sababu iliyomfanya alitamke. Hili hufundishwa vizuri zaidi kwa igizo dhima. Tuchukue mfanyakazi wa ghala aliyeachishwa kazi kwa tuhuma za wizi. Anadai mishahara ya miezi 12, na mwajiri anaapa kutotoa hata shilingi. Kila mwigizaji hupewa karatasi ambayo msuluhishi haioni. Ya mfanyakazi inasema amepata nafasi kwingine, lakini waajiri wapya wanataka cheti cha utumishi na mtu wa kumthibitisha. Ya mwajiri inasema stoo ilihesabiwa upya na mzigo ukaonekana, ila anaona aibu kukiri mbele ya wafanyakazi wengine. Mwanafunzi akianza na "Je, uliiba?" pande zote mbili hujifunga. Akiuliza "Tangu uondoke pale, mambo yamekwendaje?" habari ya cheti hutoka yenyewe, na mazungumzo huhama kutoka kwenye miezi 12.

Habari kama ya stoo hutoka zaidi katika kikao cha faragha, msuluhishi anapoonana na kila upande peke yake. Huko mwanafunzi hujifunza swali ambalo hapaswi kulisahau: "Katika haya uliyoniambia, lipi unaniruhusu nimwambie mwenzako?" Akivujisha hata neno moja bila ruhusa, hatoaminiwa tena. Wanasheria huwa na shida yao hapa. Wamefunzwa kutafuta kosa na kutoa ushauri, kwa hiyo huwahi kupendekeza suluhisho kabla wenye mgogoro hawajamaliza kueleza. Wazee wenye heshima nao hujikuta wanakemea.

Nchini Kenya, Ibara ya 159 ya Katiba ya mwaka 2010 inazitaka mahakama kuendeleza njia mbadala za kutatua migogoro. Usuluhishi unaoratibiwa na mahakama ulianza kwa majaribio Milimani, Nairobi, mwezi Aprili 2016, na wasuluhishi wake huidhinishwa na kamati maalumu ya ithibati. Rwanda ina abunzi, wasuluhishi wanaochaguliwa na jamii, ambao wengi wao si wanasheria.

Mafunzo mazuri hufundisha pia kusimamisha kikao. Mke anayepigwa nyumbani anaweza kukubali lolote ili arudi salama, na sahihi yake haina maana ya ridhaa. Msuluhishi anapaswa kuzitambua dalili hizo: anayemtazama mwenzake kabla ya kila jibu, anayekubali haraka mno, anayebadili maneno akiwa faragha. Akiziona, hufunga kikao na kuwaelekeza wahusika mahakamani, polisi au ustawi wa jamii.

Mwisho hufundishwa kuandika. "Mdaiwa atalipa taratibu" ni mgogoro mpya. Hati itaje kiasi, tarehe, njia ya malipo na hatua itakayofuata awamu moja ikirukwa, kwa sababu ikishasajiliwa mahakamani katika kesi iliyofunguliwa, hukazwa kama hukumu nyingine yoyote.