Kinanda cha Mkono na Ngoma ya Mwomboko

Mtu akishuka kutoka Mghange na kuiacha milima ya Taita, hufika katika nyika ambamo Waingereza walijenga reli kwa haraka, kutoka Voi kuelekea Taveta, ili wapigane na Wajerumani. Mapigano ya Salaita yalikuwa Februari 1916. Majina ya majemadari twayasoma vitabuni; ya wapagazi ni nadra. Na wapagazi waliokufa upande wa Waingereza, kwa hesabu ya serikali peke yake, walizidi 40,000.

Waliosalimika walirudi makwao, wengi wao Ukikuyu, wakiwa na machache mikononi. Husimuliwa kwamba walikuwa wamewatazama askari wa Kizungu, hasa Waskoti, wakicheza wawili wawili kwa kodiani, nao hawakuusahau mtindo ule.

Kodiani ilipewa hati ya uvumbuzi huko Vienna mwaka 1829, kwa jina la Cyrill Demian. Ndani yake mna vilimi vyembamba vya madini. Mvukuto ukivutwa au kusukumwa, upepo huvitetemesha vikalia. Katika zile ndogo, kifungo kimoja hutoa sauti moja kwa kuvuta na nyingine kwa kusukuma. Kwa hiyo muziki wake una pumzi, na mguu huifuata pumzi hiyo hata mwenye mguu asipotaka! Wakulima wa Ulaya waliipenda kwa kuwa mpigaji mmoja alitosha harusi nzima.

Wakikuyu waliipenda kwa sababu hiyo hiyo, lakini hawakuiga tu. Wenzi hushikana, huenda hatua mbili, kisha huinama na kugeuka. Kando ya kodiani huketi mpigaji wa karing'aring'a, pete ya chuma igongwayo kwa ufito wa chuma. Maneno ni ya Kikuyu, nayo hayakuwa ya mapenzi tu. Serikali ilikuwa imekwisha kupiga marufuku wimbo wa Muthirigu mwaka 1930, kwa kuwa uliwakejeli wamisionari na watawala. Mwomboko ulipostawi miaka ya 1940, wenye kutawala walisikia kinanda cha kwao, wasielewe kilichoimbwa juu yake.

Nasema "kinanda" kwa makusudi. Wakikuyu huiita kodiani kwa jina hilo hilo la Kiswahili, na Wajaluo, walioipokea pia, huiita onanda.