Eka Tano za Jevanjee

Mimi ni fundi wa mawe. Nimefanya kazi Nairobi miaka thelathini, na kila mjengo ulipokuwa karibu na Moi Avenue, saa saba nilibeba mkebe wangu wa githeri nikaenda kulia Jevanjee. Mhubiri anapaza sauti huku, kule mtu aliyetafuta kazi tangu asubuhi amelala kwenye nyasi, viatu kichwani kama mto. Vijana wangu mjengoni walidhani Jevanjee ni jina la bustani tu. Nikawaambia: huyo alikuwa mtu, tena mkandarasi.

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856, akafika Mombasa mwaka 1890. Reli ya Uganda ilipoanza, alipewa kandarasi ya kuleta vibarua kutoka Bara Hindi na kuwalisha, kisha akapasua miamba na kujenga stesheni. Mimi huwafikiria vibarua kwanza. Reli ile ilileta zaidi ya 30,000 kwa jumla, na karibu 2,500 walikufa. Jasho lao lilimtajirisha, na anayemsifu sharti alitaje hilo.

Nairobi ilipozaliwa kutokana na kambi ya reli mwaka 1899, alijenga ofisi na nyumba za serikali, akajenga na soko. Gazeti aliloanzisha Mombasa mwaka 1902 akaliuza, ndilo Standard tunalosoma leo. Akawa mtu wa kwanza asiye Mzungu kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria, na alipinga waziwazi Wazungu kutengewa nyanda za juu peke yao. Alifariki mwaka 1936.

Majengo yake mengi ya mwanzo hayapo tena. Iliyobaki ni bustani aliyowapa wakazi wa mji mwaka 1906, eka tano hivi, pamoja na sanamu ndogo ya Malkia Victoria. Sanamu hiyo ilivunjwa kichwa mwaka 2015. Sikuililia. Lakini mwaka 1991, palipotakiwa kujengwa maduka na maegesho ya magari ya ghorofa, mjukuu wake Zarina Patel alisimama kidete, wananchi wakamuunga mkono, na mpango ukafa.

Mimi ninayekula kwa kujenga nawaomba wenye kupima viwanja: pale msichimbe msingi. Kibarua naye anahitaji mahali pa kukaa saa saba.