Simu Maana Yake Waya

Ukivuka reli kutoka mjini Tanga unaingia Ngamiani, ambako barabara zina namba badala ya majina. Uliza nyumba ya mtu utajibiwa kwa hesabu: barabara ya saba, barabara ya kumi na mbili, geuka kushoto. Kwenye mojawapo ya barabara hizo nilimsindikiza shangazi yangu kwa fundi simu. Mkononi alikuwa na Nokia 6100, kioo kimekufa, vitufe vimefutika namba.

"Shikamoo mama," fundi alisema kabla hatujakaa.

"Marahaba mwanangu. Simu hii ya marehemu mume wangu. Nataka maneno yaliyomo."

"Laini yake ipo?"

"Laini ilishafungwa zamani."

Fundi akaigeuzageuza simu. "Kama meseji zilikaa kwenye laini, ndiyo basi. Kama zilikaa kwenye simu yenyewe, tutaongea nayo." Akavuta kopo la maziwa ya unga lililojaa nyaya, akachomoa kebo moja ya kijivu, ncha moja ya USB, nyingine ya Nokia. Nimeifikiria kebo ile tangu siku hiyo, kwa sababu historia yake ni ndefu kuliko historia ya simu za mkononi, na sehemu yake imepita hapa hapa Tanga.

Tuanze na neno lenyewe. "Simu" limetoka Kiajemi, na huko lina maana ya waya. Lilipoingia katika Kiswahili lilibeba kwanza telegrafu. Ndiyo maana kamusi za zamani zinatofautisha: kuna simu, kuna simu ya mdomo, kuna simu ya upepo isiyo na waya. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893 ikafika Moshi mwaka 1911, na reli ya zama zile haikwenda bila nyaya za telegrafu. Kwa hiyo mtu wa pwani aliposema "simu" alikuwa na kitu cha kuonyesha kwa kidole: waya, na maneno yanayopita ndani yake.

Waya mmoja hauwezi kupitisha neno zima kwa mkupuo. Lazima uvunje neno kuwa herufi, herufi uivunje kuwa alama, kisha utume alama moja baada ya nyingine, kama watu wanaopita kwenye mlango mwembamba. Mfaransa Émile Baudot alipata hataza ya mfumo wake wa kutuma herufi kwa alama tano tano mwaka 1874, na mpaka leo kasi ya mlango huo inapimwa kwa jina lake: baudi. Baadaye zikaja mashine za teleksi, zilizopachika alama moja mwanzoni mwa kila herufi kusema "naanza" na nyingine mwishoni kusema "nimemaliza". Ni adabu ya hodi na kwaheri. Bila hiyo mpokeaji asingejua herufi moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi.

Mwaka 1960 Wamarekani waliandika kanuni ya kuunganisha mashine hizo na modemu, wakaiita RS-232. Toleo lililoenea zaidi ni la 1969. Kanuni haikubuni hodi na kwaheri, ilizirithi. Kompyuta zilipokuja, ziliongea na ulimwengu kwa adabu ile ile ya teleksi, kupitia tundu lililokuja kujulikana kama poti ya siriali. Kwenye zile za pini tisa zilizozoeleka baada ya 1984, kazi ya msingi inafanywa na pini tatu tu: ya pili inapokea, ya tatu inatuma, ya tano ni ardhi. Sita zilizobaki ni taratibu za itifaki.

Na sisi tulikuwa wapi? Wizara ya Fedha ya Tanzania ilikuwa na kompyuta tangu 1965. Lakini mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake nchini, pamoja na televisheni, isipokuwa kwa kibali. Amri hiyo ililegezwa taratibu miaka iliyofuata. Wapo wanaoicheka leo. Mimi huwa nasita, kwa sababu nchi ilikuwa na njaa ya fedha za kigeni, na kompyuta za serikali za wakati ule zilikuwa zimegharimu sana na kuleta vurugu kwenye hesabu. Ila matokeo yake yanaonekana mpaka kwenye meza ya fundi wa Ngamiani. Miaka ambayo wenzetu walikuwa wanazoea poti ya siriali, sisi tulikuwa nje ya mlango. Tulipoingia, miaka ya 90, tuliingia na kompyuta za mitumba, na poti ilikuwa tayari inazeeka. USB ya kwanza ilitangazwa Januari 1996. Yaani tulijifunza kitu cha zamani na kitu kipya kwa pamoja, bila mtu wa kutuambia kipi ni kipi.

Pengine ndiyo maana hatukukitupa cha zamani haraka. Miaka ya 2000 simu za mkononi zilipojaa, mafundi wetu waligundua kwamba chini ya betri ya Nokia kuna vituo vidogo vya shaba, na kwamba simu inaongea kupitia hapo kwa adabu ile ile ya siriali. Simu iliyogoma iliwashwa upya kwa kupakiwa programu kupitia vituo hivyo, kazi ambayo mtaani tunaiita "kuflashi". Lakini kulikuwa na mtego. Simu inaongea kwa umeme usiofika volti 3, wakati poti ya kompyuta inaweza kupiga volti 12, chanya kwa hasi. Ukiunganisha waya moja kwa moja umeua simu ya mtu. Lazima pawe na chipu katikati ya kupunguza sauti. Wengi walilijua hilo kwa kuunguza.

Halafu kompyuta mpakato zilianza kuja bila poti ya siriali kabisa, na hapo ndipo adapta ya USB ilipopata kazi. Watu hudhani adapta ni waya uliobadilishwa kichwa. Sivyo. Poti ya siriali ni kama baraza: yeyote anaongea anapotaka. USB ni kama darasa la mwalimu mkali: kifaa hakifungui mdomo mpaka kompyuta ikiulize, na inakiuliza mfululizo, "una neno?" Adapta imeketi katikati. Inasikiliza upande wa barazani, inahifadhi maneno kidogo, kisha mwalimu akiuliza inanyoosha mkono. Ni mkalimani, na mkalimani anahitaji kutambulishwa. Programu ya kumtambulisha inaitwa draiva.

Siku ile mkalimani wetu alikataliwa. Fundi alichomeka kebo kwenye kompyuta yenye Windows, na badala ya poti ukatokea ujumbe wa Kiingereza wenye maana kwamba chipu hii imeachwa tangu 2012, wasiliana na aliyekuuzia. Fundi akacheka. "Aliyeniuzia alikuwa anatembea na kapu."

Ujumbe wa namna hiyo una historia yake. Chipu za adapta zilinakiliwa sana, kwa sababu soko lilikuwa kubwa na chipu halisi ilikuwa ghali. Mwaka 2014 kampuni ya FTDI ya Scotland ilitoa draiva iliyopita kwenye masasisho ya Windows, na draiva hiyo ilipokutana na chipu ya bandia iliifuta namba ya utambulisho, ikaiacha sifuri. Kuanzia hapo kompyuta haikuitambua tena. Makelele yalikuwa makubwa na draiva ikaondolewa. Kampuni ilikuwa na hoja: mali yake ilikuwa inaibwa. Lakini aliyeadhibiwa hakuwa mwizi. Alikuwa mnunuzi wa mwisho, ambaye hakuwa na njia ya kutofautisha chipu mbili zenye maandishi yale yale. Kwenye maduka yetu mnunuzi wa mwisho ndiye sisi sote.

Fundi hakubishana na Windows. Aliiwasha upya kompyuta kwa Linux kutoka kwenye flashi, ambayo haikuuliza kebo imetoka kwa nani, akafungua programu ya bure iitwayo Gammu. Kwa baudi 9600 mstari unapitisha herufi kama 960 kwa sekunde, kwa hiyo meseji kamili ya herufi 160 inavuka kwa chini ya moja ya tano ya sekunde. Teleksi ya baudi 50 ingehitaji sekunde 24 hivi. Meseji zilianza kushuka kwenye skrini, na shangazi akavaa miwani.

Akasoma. Akasoma tena. Akamgeukia fundi. "Haya maneno ni yangu."

Ilikuwa hivyo. Simu zile, usipoziagiza kutunza unachotuma, hazitunzi. Zinabaki na ulichopokea. Shangazi alifuata maneno ya mumewe akakuta ya kwake mwenyewe, arobaini na kitu: unga umeisha, mtoto ana homa, umefika Korogwe?, mbona kimya. Ya mume yalikuwa yametumwa kwenye simu ya shangazi, na hiyo ilishauzwa.

Wapenzi wa fasihi tunalijua jambo hili ingawa hatujalitazama hivi. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, kusini kidogo ya hapa, alimwandikia nduguye Yusuf Ulenge barua kuanzia 1931 hadi 1958. Leo ni kitabu, kilichohaririwa na M. M. Mulokozi. Zimetufikia kwa sababu mpokeaji alizitunza. Maneno ya mtu hayabaki kwake, yanabaki kwa aliyeandikiwa. Na karatasi, pamoja na mchwa na unyevu wa pwani, inahitaji macho tu ili isomeke.

Kizazi kilichoandikiana kati ya 2000 na 2012 hivi hakikuacha karatasi. Mapenzi, ugomvi, mashairi ya kutumiana usiku wa Idi, taarifa za misiba: vyote vimo ndani ya simu zilizolala kwenye madroo, na kila mwaka betri zinavimba, draiva zinakataa, mafundi wanaojua pini ipi ni ipi wanahamia kubadilisha vioo vya simu janja. Mhariri wa barua za kizazi hicho atahitaji kebo kabla ya kalamu. Tukisema "makavazi" tunafikiria jengo lenye rafu. Kwa miaka ile kumi na kitu, makavazi ni lile kopo la maziwa.

Tulipokuwa tunainuka, nilitaka kumwambia shangazi pole. Akaniwahi. "Hakuzifuta," alisema. "Mtu mvivu wa kujibu vile, kumbe hakufuta hata moja."

Akamwomba fundi azichape. Fundi akaenda duka la jirani kwenye printa, akarudi na kurasa tatu, akakataa hela ya karatasi. Shangazi akazikunja nne, akazifunga kwenye pindo la kanga, tukavuka reli kurudi mjini.