Saa ya Goma na saa ya Kinshasa ndani ya daftari za mashini

Wakati Kinshasa ni 12:00, huku kwetu Goma, Bukavu, Bunia ao Lubumbashi ni 13:00 tayari. Mwenye ndugu kule anajua hilo. Mashini haijui kama haikuambiwa.

Kila rutere na serveri iko na daftari yake: nani aliingia, nani alikataliwa, saa ngapi. Mara mingi daftari hizo zinatumwa kwa njia inayoitwa Syslog. Mutindo wake wa zamani, ulioelezwa katika hati RFC 3164 ya mwaka 2001, unaandika tu hivi: Mar 14 08:10:00. Hakuna mwaka, hakuna alama ya kuonyesha ni saa ya wapi.

Tuchukue mufano. Mwizi anaingia ndani ya rutere ya Goma saa 08:10 ya Goma. Fundi wa Kinshasa anamuona, na dakika makumi mbili baadaye, saa 07:30 ya kwake, anabadilisha neno la siri. Lakini serveri inapanga mistari sawa vile iliandikwa: 07:30 fundi, 08:10 mwizi. Yule aliyefunga mulango anaonekana kama ndiye aliufungua, na wakubwa watamuuliza yeye.

Hati RFC 5424 ya mwaka 2009 ilirekebisha hilo: 2024-03-14T08:10:00+02:00. Ile +02:00 ni tofauti na saa ya dunia, UTC. Kinshasa, dakika ile ile inaandikwa 07:10:00+01:00, na kwa UTC yenyewe 06:10:00Z. Tuangalie lakini: +02:00 haisemi «Goma». Kigali na Bujumbura pia ziko nayo. Ukivuka Kasindi kuingia Uganda inakuwa +03:00.

Na alama haiponyi saa iliyopotea. Rutere ndogo nyingi hazina betri ya kutunza saa. Umeme ukikatika na kurudi (na kwetu unakatika sana), zinaanza na tarehe ya zamani, zingine hata mwaka 1970, mpaka zipate saa kamili kwa njia ya NTP.

Kwa wenye simu jambo ni zito zaidi, juu kampuni inaweza kuweka wateja wengi kwenye adresi moja ya intaneti. Ndiyo maana hati RFC 6302 ya mwaka 2011 inashauri wenye serveri waandike wakati kwa UTC, mpaka sekunde, pamoja na namba ya porti. Polisi wakiuliza nani alitumia adresi fulani saa 08:10, bila kusema ni saa ya wapi, wanaweza kupewa jina la mutu aliyeitumia saa nzima mbele ao baadaye.